Gereji ya Nyumba Mbili

Aliyetaka kumjua Dereva hakuhitaji kumfuata barabarani. Angekuja tu akae kwenye baraza ya duka langu pale Zombe, karibu na cherehani, siku Dereva anapokuja kununua kitambaa. Anaingia, anavua kofia, anasalimia kila mtu mpaka mtoto aliye mgongoni, kisha anashika kitambaa cha kwanza. Anakiweka. Anashika cha pili. Anarudia cha kwanza. Mimi nakanyaga cherehani yangu, nashona suruali ya mtu mwingine, namaliza, napiga pasi, yeye bado. Nikimuuliza anataka kipi, jibu lilikuwa lile tulilolizoea wote, kwamba tungoje kidogo, Mwaitu. Mwaitu kwetu Ukambani ni mama, na aliniita hivyo kwa heshima ingawa alinipita umri. Mimi nami, kwa heshima hiyo hiyo, nilimwambia akangojee nje wateja wapite.

Na akishachagua, lazima achukue viwili. Alikuwa na wana wawili wa mama wawili. Mama Mutua alifariki Mutua akiwa ndio kwanza anaanza shule, na baada ya muda Dereva akamwoa Mama Kioko, naye akamzaa Kioko. Misheni iliyomwajiri kuendesha magari yake iliibariki ndoa hiyo kanisani bila neno, kwa sababu mke wa kwanza alikuwa kaburini. Lakini sisi tuna hesabu yetu ya zamani. Mke akifa, nyumba yake inabaki kuwa nyumba. Ya Mama Mutua ilisimama upande wa kushoto wa boma, na chochote baba alicholeta kiligawanywa kwa nyumba mbili, sawasawa, kana kwamba mwenyewe yuko ndani anangoja.

Nimeliona hilo kwa macho. Mbuzi akichinjwa, Dereva mwenyewe alipeleka sahani ya nyama katika nyumba ile isiyo na mtu, akaiweka mezani, akatoka, ndipo Mutua aliitwa akaingie akale kwa mamake. Wazee wenzake wa kanisa walimwambia hayo ni mambo ya giza. Aliwasikiliza vizuri, akawakubalia, na Krismasi iliyofuata akabeba sahani vilevile.

Kwa mashati ndiyo hata usiseme. Mutua alikuwa karibu kunyoa ndevu, Kioko bado anang'oka meno, na Dereva ananiagiza mashati ya kitambaa kimoja, vifungo vya rangi moja. Siku moja kitambaa kilipungua, nikamwekea Kioko kola ya kitambaa kingine kilichofanana nacho. Hakuna binadamu angeona. Dereva aliona. Alinirudishia mashati yote mawili, nikafumua na kola ya Mutua nikaibadilisha, ndipo akachukua. Nilikasirika siku hiyo, na nilimwambia hivyo, naye akaniambia nina haki ya kukasirika. Mtu wa namna hiyo utagombana naye vipi?

Sasa mtu huyo huyo umpe usukani. Miaka ya sitini tulikwenda mkutano wa akina mama kule Mtito Andei, tumejaa nyuma ya lori la misheni na sufuria zetu, tunaimba. Tukiteremka kukaribia Salama, lori jingine likatokea kwenye kona likiwa upande wetu, linapita basi. Wimbo ulikatika mdomoni. Nilichoona baadaye ni vichaka vinapiga ubavu wa lori, na jiwe kubwa linapita upande mmoja na mtaro upande mwingine, sisi katikati, kisha tumesimama. Aliyeumia ni sufuria tu. Dereva alishuka, akaangalia magurudumu, akaturudisha barabarani bila kutoa jasho. Hakufikiria hata kidogo, mikono yake ilijua.

Halafu tukafika Salama, tukaingia kwenye hoteli ya kando ya barabara tutulie kidogo. Mhudumu akasema kuna chapati na maharagwe, na kuna muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa. Dereva akaanza. Alitazama sahani ya huyu, akatazama ya yule, akamwambia binti arudi baadaye. Binti alirudi, akarudi tena. Mwishowe vyote vikaisha, na mtu aliyetuokoa sisi sote akanywa chai ya rangi na kuondoka na njaa. Tukirudi garini nilimuuliza, kwani wewe una shida gani. Aliniambia kwamba barabarani hakuna anayesimama pembeni akipima unapenda upande gani. Nyumbani, ukishika kijiko tu, kuna mtu ameona umekishika kwa mkono upi.

Alikuwa na vituko vyake vingine. Hakuvumilia mtu abamize mlango wa gari, hata awe mchungaji. Viatu vyake viling'aa wakati sisi sote tuna vumbi mpaka kwenye nyusi. Alijifanya hapendi umbeya, lakini akija dukani kuangalia vifungo utajua amekuja kusikia habari za mtu fulani, na haondoki mpaka azipate. Kanisani walipopiga kura ya kuinua mikono, mkono wake ulipanda mpaka kwenye sikio, ukajikuna, ukashuka. Tulimcheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote, mpaka lilipokuja jambo la gereji.

Alipostaafu, misheni ilimpa Landrova kuukuu aliyoiendesha kwa miaka mingi. Aliileta nyumbani, akaisimamisha katikati ya boma na kuifunika turubai. Akatangaza kwamba haitatoka tena mpaka iwe na nyumba yake, kwa sababu jua la Zombe linaua rangi na kupasua mipira. Hapo sawa. Sisi tukajua gereji itajengwa kabla ya mvua.

Mutua alikuwa seremala, ana karakana yake hapo hapo sokoni. Alikwenda kwa babake akamwambia kule shamba la chini kuna miti ya mukau iliyopandwa na mamake mwaka aliozaliwa yeye, na sasa imekomaa. Mukau ni mbao ngumu, mchwa hawaugusi, na nani asiyejua mchwa wa Ukambani? Wanakula mlango huku umeegemea. Mutua alisema gereji ya mbao itakuwa na hewa, gari halitaokwa humo, na ubao ukiharibika fundi yupo hatua chache tu. Halafu akasema neno moja lililomaliza hoja zote, kwamba mamake hajawahi kujenga kitu katika boma hili tangu alale.

Kioko naye alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kule Mtito Andei, mahali malori ya Mombasa yanapolala. Alikuja nyumbani siku chache baadaye. Yeye alisema atatengeneza fremu ya chuma huko huko kwenye umeme, alete vipande kwa lori, vifungwe kwa nati. Chuma hakiungui, hakipindi, na kinaweza kubeba mlango mpana bila nguzo katikati, gari lipite bila kukwaruzwa. Mchwa wavunjike meno. Joto? Gari halina pua. Naye mwisho akasema lake, kwamba tangu azaliwe amevaa na kula kipimo cha ndugu yake, na hajaomba kitu kingine ila hiki.

Baba akawaambia wote wawili tungoje kidogo.

Zombe nzima ikagawanyika. Wengine chuma, wengine mbao, watu wakabishana kwenye mnada wa mbuzi kama ni gereji yao. Mimi nilikuwa wa mbao, mnijue, lakini nilikubali kwamba habari ya mlango mpana Kioko alisema kweli. Dereva alitusikiliza sote. Aliuliza maswali ya kweli, juu ya kutu, juu ya moto, juu ya mbao kupasuka wakati wa kiangazi, na kila jibu lilimrudisha pale alipokuwa. Mvua ikaja ikaenda. Turubai likachanika. Kuku wakaanza kutaga kwenye kiti cha dereva. Mpira mmoja ukalala, wa pili ukaufuata, betri ikafa, na hakuna aliyethubutu kugusa.

Hayo ya gari si kitu. Kilichotuuma ni vijana. Mutua aliacha kunywa chai kwa Mama Kioko, mwanamke aliyemlea kwa mikono yake. Akipita anasalimia akiwa njiani. Kioko aliacha kuja Krismasi, akawa anatuma salamu kupitia madereva wa malori. Kila mmoja alisema hana ugomvi, anangoja tu kusikia baba ameamua nini. Na Dereva aliona wazi kwamba siku atakayotamka, mmoja wa wanawe atageuza mgongo asirudi. Hilo ndilo lililomkondesha. Suruali zake nilizipunguza kiunoni mara nyingi mpaka nikaona haya kumuuliza anakula nini.

Siku moja alikaa kwenye baraza yangu bila hata kujifanya anaangalia kitambaa. Nikamwambia, wewe mzee, sema neno moja tu, watakasirika, watapoa.

"Nikichukua mbao," akasema, "nimemwambia Kioko kwamba mamake alikuja hapa kama mgeni. Nikichukua chuma, nimemzika Mama Mutua mara ya pili. Sasa niambie, Mwaitu, mtu anapitia wapi?"

"Jenga na matofali."

"Udongo wa shamba la nani?" akauliza, na hakuwa anatania.

Niliona kwamba huyu mtu amefungiwa, na ufunguo hata mimi sijui ulipo. Nilimhurumia sana, na papo hapo nilitaka kumtikisa mabega.

Baada ya miaka kadhaa ya kungoja, alipata dawa, au alifikiri amepata. Aliigawa gereji kama alivyogawa mbuzi. Alimwaga majivu mstari mmoja chini, kupitia katikati ya Landrova, kutoka mbele hadi nyuma. Upande wa kushoto wa Mutua, nguzo na mbao. Upande wa kulia wa Kioko, vyuma na mabati. Gari lenyewe halikusogezwa kwa kuwa halikuweza kusogea. Walijenga kulizunguka pale lilipokuwa. Mlango ulikuwa wa vipande viwili, na hapo ndipo Dereva alipojiona ana akili kuliko wote. Aliagiza kipande cha chuma cha Kioko kifungwe kwenye nguzo ya mukau ya Mutua, na kipande cha mbao cha Mutua kifungwe kwenye nguzo ya chuma ya Kioko. Kila nyumba ibebe mzigo wa nyumba nyingine. Alinieleza hayo akitabasamu, na sikumbuki lini nilikuwa nimeyaona meno yake.

Lile juma la ujenzi lilikuwa zuri, sitalinyima sifa zake. Kioko alishuka kutoka kwenye lori na vyuma vyake, Mutua akampokea mzigo. Walikula sahani moja kwa Mama Kioko. Mama huyo alikuja kunisimulia akilia kwa furaha, akapangusa machozi na kitambaa cha mteja wangu, nikamwacha. Dereva alikaa na kiti chake kidogo upande wa mbao, baada ya muda anakibeba anakaa upande wa chuma.

Lakini Mutua alikuwa amekata mikau ile juma lile lile. Kioko alikuwa na ruhusa fupi kutoka kwa tajiri wake, na mbao zikingoja kukauka, upande wa chuma ungesimama peke yake boma zima likitazama. Seremala mzuri kama Mutua alijua mti mbichi unafanya nini. Alijua kuliko sisi. Alisimika nguzo ikiwa bado inatoa maji, akaitundikia mlango wa chuma ambao wanaume wanne waliubeba kwa kunguruma. Kioko aliponda ncha za bolti za bawaba ili mwizi asifungue nati. Msingi wakauweka wa mawe. Kazi ikaisha, mchungaji akaja akaomba, tukanywa soda.

Kiangazi kilipokaza, nguzo ikaanza kujipinda. Ilifanya hivyo taratibu, ikikauka huku imebeba uzito ule. Mlango wa chuma ukashuka pembe moja, ukawa unachora mstari kwenye udongo kila unapofunguliwa. Mutua alisema chuma cha Kioko ni kizito mno. Kioko, alipoletewa habari, alisema nguzo ya Mutua ilikuwa mbichi. Wote walikuwa na haki, na chai ya Mama Kioko ikaanza tena kupoa bila mnywaji. Dereva akakataza mtu yeyote asirekebishe. Ukirekebisha nguzo, umesema kosa ni la mbao. Ukipunguza mlango, umesema kosa ni la chuma.

Nilimkuta humo mwanzoni mwa miaka ya tisini, alasiri moja ya jua kali. Nilikuwa nimempelekea koti lake nililobadilisha bitana. Mama Kioko alikuwa amekwenda mkutano wa kanisa Kitui mjini, boma liko kimya. Nilibisha hodi, nikasikia anaitikia, lakini sauti ilitoka gerejini. Nikazunguka. Mlango wa chuma ulikuwa umelala juu ya ule wa mbao, pembe ya chini imejichimbia ardhini, pembe ya juu imebanwa na boriti. Alikuwa ameingia asubuhi kukaa kwenye gari lake kama kawaida yake, akauvuta kwa ndani kwa nguvu ili kuku wasiingie, ukakwama. Nilivuta. Nilisukuma na bega. Haukutikisika. Na mle ndani, chini ya mabati, hewa iliyotoka kwenye ufa ilinichoma uso.

Nilimpitishia maji kwa kikombe chembamba. Alikunywa, akashukuru, akaniuliza habari za nyumbani. Nikamwambia habari za nyumbani atazisikia akitoka, naenda sokoni kumwita Mutua.

"Usimwite," akasema. "Mutua akija atang'oa mlango wa ndugu yake. Kioko atafika Jumamosi akute chuma chake kimetupwa."

"Basi nimtumie Kioko ujumbe?"

"Kioko atakata nguzo ya Mama Mutua."

"Kwa hiyo utafia humo."

Nilimwona kwa ule ufa, jicho moja na nusu ya shavu, jasho linamtiririka.

"Nimekaa humu miaka mingi, Mwaitu," akasema. "Leo ndio umeuona mlango."

Nilitupa koti juu ya ua nikaenda sokoni mbio, mimi na magoti yangu haya, nikamkuta Mutua anapiga randa. Nilimwambia babake amekwama gerejini. Alichukua msumeno na kipande kirefu cha boriti, akanitangulia.

Alipofika alizunguka gereji mara moja akiangalia. Babake alisikia nyayo, akaita kutoka ndani asiguse chuma cha ndugu yake. Mutua akasema hagusi. Babake akasema na mti wa mamake pia asiuguse. Mutua aliegemeza boriti chini ya paa kulishikilia, akanionyesha niushike wapi mlango, kisha akaweka mkono juu ya nguzo ya mukau, akausimamisha hapo kidogo. Halafu akaanza kukata. Alikata chini ya bawaba ya chini, akakata juu ya bawaba ya juu, taratibu, kazi safi, kama mtu anayekata kitu atakachokitumia. Unga mwekundu ulimwagika kwenye viatu vyake. Babake alikuwa anamwita jina lake mle ndani muda wote huo.

Mlango ukaachia. Kuubeba hatukuweza, tuliuzungusha wawili juu ya pembe yake ya chini, na kile kipande cha nguzo kikiwa bado kimefungwa kwenye bawaba, tukauegemeza ukutani.

"Kioko akija," Mutua akaniambia, bado anahema, "mwambieni nguzo ilioza."

Hakuna mtu Ukambani ambaye ataamini mukau umeoza, na Kioko hangeamini. Angejua mara moja nini kimefanyika na ni nani amekubali kushindwa. Nilimtazama Mutua nikataka kumshika mkono. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimengoja mmoja wao afanye jambo kama hilo.

Dereva alitoka ameinama, shati limemganda mgongoni. Alisimama juani akivuta pumzi. Akagusa pale palipokatwa, akapitisha kidole kwenye alama za msumeno. Nilidhani sasa atamwekea mwanawe mkono kichwani ambariki. Badala yake alivuka kwenda upande wa pili, akasimama mbele ya nguzo ya chuma, akaishika.

"Na hapa kwa Kioko," akauliza, "tukate kiasi gani?"

"Baba," Mutua akasema, "sikukata kwa ajili ya nyumba yoyote. Nimekukatia wewe."

Mzee aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia. Vidole vyake vilikuwa vinapanda kwenye chuma, vinateremka, vinatafuta mahali panapolingana na pale. Mutua alichukua msumeno wake, boriti akaiacha ikishikilia paa, akashuka njia ya sokoni bila kuaga. Babake hakugeuka. Alikuwa bado anapima.